Mpango, Kilicho Mkononi au Kutangulia: Mitazamo Mitatu kwa Mjasiriamali Anayeanza

Mtu anayetaka kufungua biashara hakosi washauri. Kwenye semina, kwenye kikao cha vikoba, redioni na sebuleni kwa shangazi ataambiwa kwamba mtaji mkubwa kuliko wote ni mtazamo sahihi, na hapo ndipo anapokwama, kwa sababu mitazamo anayopewa inapingana. Mmoja anamwonya asitoe hata shilingi kabla ya kuandika mpango wa biashara. Mwingine anamhimiza aanze leo na alichonacho, mengine yatajipanga mbele ya safari. Wa tatu anamwambia kwamba asipowatangulia wenzake kwa wazo jipya, juhudi zake zote zitaishia kugombania wateja walewale na majirani zake. Kila mmoja ana hoja ya kweli, na kila mmoja amewahi kumwona mtu aliyefanikiwa kwa njia anayoihubiri.

Makala haya yanaiweka mitazamo hiyo mitatu sambamba ili msomaji aliyesimama njia panda aone tofauti zake kwa karibu. Neno mtazamo hapa lina maana ya namna mtu anavyofikia uamuzi wakati hana uhakika wa mambo. Bidii, uaminifu na uvumilivu sitavilinganisha, kwa kuwa vinahitajika katika njia zote tatu na hakuna njia inayoweza kuziba pengo la kuvikosa. Naona tumewaumiza vijana wengi kwa kuwapa hamasa bila kuwafundisha namna ya kuamua, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitamtumia mshonaji mmoja wa kufikirika. Ni kijana aliyemaliza mafunzo ya ushonaji katika chuo cha ufundi, anaishi Morogoro, ana cherehani moja na akiba ya shilingi 800,000, na anataka kushona sare za shule.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo nilivyochagua ni vitano. Cha kwanza ni swali ambalo mtazamo unamtaka mtu ajiulize kabla ya jambo lolote. Cha pili ni namna unavyoihesabu hasara. Cha tatu ni nafasi unayowapa watu wengine: wateja, washindani, ndugu na washirika. Cha nne ni mwenendo wa mtu pale mambo yanapokwenda mrama. Cha tano ni ushahidi uliokusanywa kwa kuwafuatilia wafanyabiashara halisi, hasa wadogo wa Afrika. Baada ya hapo nitaeleza kila mtazamo unaumiza wapi na unamfaa nani, kisha nitatoa mwongozo kwa kufuata hali ya mtu.

Swali la kuanzia

Mwenye mtazamo wa mpango huanza na mwisho wa safari. Hujiuliza anataka kufika wapi, kisha hurudi nyuma kuhesabu kinachohitajika ili afike. Tuseme mshonaji wetu ameketi na daftari. Kitambaa cha sare moja ni shilingi 9,000, uzi, zipu na vifungo ni 1,500, ujira wa msaidizi ni 4,500, jumla 15,000. Akiuza sare kwa 20,000 anabakiwa na 5,000. Fremu anayoitaka karibu na stendi inakodishwa kwa 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo sare 30 za kwanza za kila mwezi zinamlipa mwenye fremu tu, kabla ya umeme na kabla ya chakula cha nyumbani. Tena sare ni bidhaa ya msimu: wazazi huzinunua kwa wingi Desemba na Januari shule zinapokaribia kufunguliwa, na ifikapo Machi cherehani inaweza kukaa wiki nzima bila sare mpya. La mwisho ndilo zito kuliko yote. Wenye fremu wengi hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na miezi sita ni shilingi 900,000, yaani zaidi ya akiba yake yote, naye hajanunua hata mita moja ya kitambaa. Ukurasa mmoja wa daftari umemwonyesha jambo ambalo vinginevyo angeligundua baada ya kulipa.

Mwenye mtazamo wa kilicho mkononi haanzi na lengo. Huanza na maswali matatu: mimi ni nani, najua nini, na nawajua akina nani. Mtafiti Saras Sarasvathy, profesa wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, aliuelezea mtazamo huu kwa kina mwaka 2001. Aliwapa waanzilishi 27 wa kampuni zenye ukubwa wa kati ya dola milioni 200 na dola bilioni 6.5 tatizo moja la biashara, akawataka waseme kwa sauti kila wanachokifikiria wanapolitatua. Wengi wao hawakuanza kwa kutabiri soko. Walianza na vitu walivyonavyo na watu wanaowafahamu, kisha wakaliacha lengo lijengeke taratibu kadiri watu wapya walivyoingia na kuleta mchango wao.

Mshonaji wetu, akiketi na maswali hayo matatu badala ya hesabu ya fremu, anaona kwamba ana cherehani, anajua kukata, na anamfahamu mama mwenye duka la vitenge. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki mafundi huketi na cherehani zao kwenye baraza za maduka ya vitambaa. Mteja anakatiwa kitenge dukani, anapiga hatua mbili, anapimwa kifua na kiuno, na fundi anaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi kinachobanwa kwa pini juu ya kitambaa. Kitambaa ni cha mteja, baraza ni ya mwenye duka, na duka lenyewe linauza zaidi kwa sababu fundi yupo. Fundi ameingia sokoni bila kulipia fremu.

Mwenye mtazamo wa kutangulia huuliza swali jingine kabisa: ni jambo gani linakuja ambalo wenzangu hawajajiandaa nalo, na ninaweza kufanya nini leo ili linikute tayari? Mwanasaikolojia wa Kijerumani Michael Frese ameutafiti mtazamo huu kwa miaka mingi na kuuelezea kwa nguzo tatu, nazo ni kujianzishia mambo bila kusubiri kusukumwa, kutazama mbele, na kuendelea pale vikwazo vinapojitokeza. Mshonaji mwenye macho haya hatazami bei ya sare tu. Anamtazama mzazi wa Januari, ambaye ana ada ya kulipa, madaftari ya kununua na foleni kwa fundi, vyote katika wiki moja. Kwa hiyo anakwenda kuchukua vipimo Septemba na Oktoba, anapokea fedha kidogo kidogo hadi Desemba, na anashona sketi na suruali zenye pindo refu la ndani linaloweza kufunguliwa mtoto akirefuka. Hakuongeza mtaji wowote, ila kwa mzazi huyo ameacha kufanana na mafundi wengine wa mtaa.

Hesabu ya hasara

Mtazamo wa mpango huipima hasara kwa kuilinganisha na faida inayotarajiwa. Ikiwa matarajio ni mazuri vya kutosha, mtu anaweza kuingia hata kwa fedha za kukopa, na kwa kweli huu ndio mtazamo ambao taasisi za mikopo zinauelewa. Nchini Tanzania halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anayeomba mkopo huo hataulizwa ana moyo kiasi gani. Ataulizwa andiko la mradi, na asiyeweza kuandika hesabu zake amejifungia mlango mwenyewe.

Mtazamo wa kilicho mkononi unaligeuza swali. Hautazami nitapata kiasi gani. Unauliza ni kiasi gani nikikipoteza chote nyumba haitalala njaa. Jibu la swali hilo halihitaji utabiri wa soko, kwani mtu analijua kwa kuitazama familia yake. Mshonaji akiona kwamba anaweza kupoteza 200,000 bila kuyumba, basi hiyo ndiyo bajeti ya jaribio la kwanza, na zile 600,000 hazigusiki hata wateja wakionekana wengi. Naupenda uwazi wa kipimo hiki, kwa sababu watu wengi ninaowaona wakianguka hawakuangushwa na biashara mbaya pekee. Waliangushwa na biashara mbaya iliyobeba ada za watoto na kodi ya nyumba kwa wakati mmoja.

Kwa mtazamo wa kutangulia, hasara kubwa ni ya muda na ya majaribio yasiyoshika. Anayejitofautisha hukosea mara nyingi kuliko anayeiga, maana anayeiga ameshaona kwa jirani kwamba bidhaa inanunulika. Kwa hiyo mtazamo huu unahitaji chanzo kingine cha kipato kinachoendelea wakati wazo jipya linapimwa: kupunguza suruali na kubadilisha zipu huku hayo malipo ya Septemba yakijaribiwa kwa wazazi kumi tu.

Nafasi ya watu wengine

Katika mpango, watu huingia kama makadirio. Wateja wanahesabiwa, washindani wanapimwa, wafanyakazi wanapangiwa mishahara. Faida yake ni kwamba mtu hajidanganyi kuhusu ukubwa wa soko. Akihesabu shule zilizo karibu na mafundi wanaozihudumia, anajua kabla hajaanza ikiwa mtaa umeshajaa.

Katika mtazamo wa kilicho mkononi, watu ndio mali yenyewe, na hapa ndipo jamii zetu zina utajiri ambao hauandikwi vitabuni. Vikoba, upatu, chama cha akiba cha Kenya, wenzako wa msikitini au kanisani, watu wa kijijini waliohamia mji uleule: mitandao hii ilikuwapo kabla ya neno ujasiriamali kuenea. Kanuni ya Sarasvathy ni kwamba mshirika wa kweli ni yule anayeweka kitu mezani. Mteja anayesema “ukifungua nitakuja” bado hajawa mshirika, na anayetanguliza nusu ya fedha ameshakuwa. Kanuni hii inasaidia pia upande wenye uchungu, ambao ni ndugu. Shemeji anayechukua sare tatu kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, na kaka anayetaka kuazima kutoka kwenye droo ya duka, hawana nia mbaya, lakini wamekuwa watoaji wa uamuzi katika biashara ambayo hawakuweka kitu. Anayechagua mtazamo huu lazima aamue mapema, tena kwa heshima, nani ni mshirika na nani ni jamaa, na kila mmoja apewe haki yake kwa mfuko wake.

Kwa anayetangulia, watu ni chanzo cha maarifa. Lalamiko la mteja lina thamani kubwa kwake, na mshindani anatazamwa ili kujua kile asichokifanya.

Mambo yanapokwenda mrama

Kila mpango hukutana na siku ambayo hesabu hazikubali. Anayeutumia vizuri hulinganisha kilichoandikwa na kilichotokea, kisha hurekebisha. Mfano mkubwa tunao nyumbani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, mpango ulikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo kupokea na kurejesha mikopo kwa simu. Waliokuwa wakiendesha jaribio waliona kwamba watu wanautumia mfumo kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilisimama juu ya matumizi hayo. Mpango haukuwa sahihi, ila kwa kuwa ulikuwepo na ulikuwa unapimwa, tofauti ilionekana mapema. Hatari ni kwa mtu anayelipenda andiko lake hadi anaanza kuwalaumu wateja kwa kutolifuata.

Mwenye kutumia kilicho mkononi hukipokea kisichotarajiwa kama malighafi mpya. Mama mwenye duka akileta oda ya mapazia ya ukumbi, mshonaji hapotezi usingizi kwa kuwa mapazia hayakuwa sare. Anatazama kama anaweza, na kama kuna mlango mwingine nyuma ya oda hiyo. Safari ya mfanyabiashara wa Tanzania Said Salim Bakhresa, aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akauza vyakula vidogo, akafungua mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na baadaye akaingia katika usagaji wa nafaka, ina umbo hilo la hatua moja kuzaa nyingine. Tatizo la njia hii ni kwamba kila mlango unaonekana mzuri, na mtu anaweza kujikuta baada ya miaka mitano ana kazi nyingi ndogo zisizojengana.

Mtazamo wa kutangulia huviwaza vikwazo kabla havijafika. Mshonaji aliyenunua cherehani ya umeme huihifadhi ile ya mguu, akijua kwamba umeme ukikatika wiki ya mwisho ya Desemba hakuna mzazi atakayesikiliza maelezo. Katika ngazi kubwa, historia ya benki ya Equity ya Kenya inaonyesha nguzo nyingine ya mtazamo huu, ya kuendelea pale kikwazo kinapokuwa kimeshafika. Ilianzishwa mwaka 1984 ikiwa taasisi ya mikopo ya nyumba, na kufikia 1993 ilikuwa imefilisika kihesabu. Ilijiokoa kwa kuwageukia wenye akiba ndogo ambao benki nyingine hazikuwajali, ikawa benki kamili mwaka 2004, na hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2006.

Ushahidi unasemaje

Jaribio ambalo ningependa kila anayefundisha ujasiriamali alifahamu lilifanyika Lomé, mji mkuu wa Togo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu ya watu 500. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, usimamizi wa fedha na wafanyakazi. La pili lilipewa mafunzo ya saa 36 ya mtazamo wa kutangulia, yaliyojengwa juu ya kazi ya Frese. La tatu halikupewa mafunzo. Katika zaidi ya miaka miwili iliyofuata, faida za kundi la kutangulia zilipanda kwa asilimia 30 zikilinganishwa na kundi lisilofundishwa, huku za kundi la mafunzo ya kawaida zikipanda kwa asilimia 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati tu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikodisha magauni ya harusi aliongeza mapambo ya bibi harusi, kisha akaingia katika kuuza magauni. Alichobadilisha ni kile alichokiona mteja anapoingia dukani.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kuutangaza mtazamo wa kutangulia kuwa bora, lakini kufanya hivyo kungekuwa kuuonea mpango. Nchini Kenya watafiti waliwafuatilia wanawake wafanyabiashara 3,537 wa maeneo ya vijijini katika mafunzo ya biashara yaliyoandaliwa na Shirika la Kazi Duniani, na baada ya miaka mitatu mauzo ya waliofundishwa yalikuwa yamepanda kwa asilimia 18 na faida kwa asilimia 15, bila kuwapokonya wenzao wa soko lilelile. Kwa hiyo mafunzo ya mpango na hesabu huzaa matunda, ingawa yanaweza kuchelewa kuiva. Utafiti mwingine wa Jamhuri ya Dominika, uliochapishwa mwaka 2014, uliongeza jambo muhimu: wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni chache rahisi, kama kutenganisha fedha za nyumbani na za biashara, waliboresha utunzaji wa fedha zao, ilhali waliofundishwa uhasibu kamili hawakuonyesha badiliko la maana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na utafiti huo unaonyesha kwamba hata daftari jepesi linatosha ilimradi mtu analiandika.

Mtazamo wa kilicho mkononi haujapimwa kwa namna hiyo. Ushahidi wake mkuu unatokana na kuwasikiliza waliofanikiwa, na waliofanikiwa hawawezi kutusimulia habari za wale waliotumia njia ileile wakaanguka. Naamini mantiki yake ina nguvu, hasa katika kipimo cha hasara, lakini msomaji ajue kwamba hapa anaegemea zaidi hoja kuliko majaribio.

Kuna jambo jingine linaloihusu mitazamo yote. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapa wateja wa taasisi ya mikopo midogo mafunzo ya biashara na ruzuku ya fedha. Vitu hivyo viwili vilipounganishwa, biashara za wanaume zilikua kwa nguvu, wakati kwa biashara za wanawake athari ilikuwa ndogo zaidi. Hatuwezi kumwambia mama anayelea, anayepika na anayefunga genge saa kumi jioni kwa sababu lazima arudi nyumbani kwamba kinachomkwamisha ni fikra zake. Mtazamo ni sehemu moja ya mambo. Saa za kazi, mgawanyo wa majukumu nyumbani na nani anaishika fedha ni sehemu nyingine, na ushauri usioyataja hayo haumtendei haki.

Kila mtazamo unaumiza wapi, na unamfaa nani

Mpango humuumiza anayeutumia kama kimbilio. Kuandika kunampa hisia ya kusonga mbele, na miezi inapita bila mteja hata mmoja. Humuumiza pia anayeingia katika biashara ambayo haijawahi kuwepo mahali pake, kwa maana namba zake zote ni za kubuni. Unamfaa mwenye biashara inayojulikana, yenye bei na msimu unaoeleweka, na unamfaa yeyote anayetumia fedha za watu. Biashara za chakula kilichofungashwa, dawa na vipodozi, ambazo lazima zipitie viwango na vibali vya serikali, haziwezi kuendeshwa bila mpango. Kibali kisipohesabiwa mapema, bidhaa iliyokwisha kutengenezwa inakaa stoo.

Kilicho mkononi humuumiza mwenye mtandao mwembamba. Aliyehamia mji mpya juzi, asiyemjua mtu, atajibu swali la tatu kwa ukimya. Humuumiza pia mtu ambaye mkononi mwake mna kitu kimoja ambacho mtaa mzima unacho. Unamfaa mwenye ujuzi wa mikono, anayewajibika kwa familia, asiyeweza kuvumilia pigo kubwa, na unamfaa anayefanya kazi ya ajira na kutaka kujaribu jioni na Jumamosi. Msemo kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe unamhusu huyu moja kwa moja.

Kutangulia humuumiza mtu asiyemaliza mambo. Wazo jipya kila mwezi, bila lolote lililofuatwa hadi likalipa, humchosha mteja na mwenye wazo pia. Unamfaa zaidi mtu ambaye tayari yumo ndani ya biashara, kwani waliofundishwa Lomé walikuwa wafanyabiashara tayari, na huwezi kuona pengo la soko ambalo hujawahi kusimama ndani yake. Unamfaa sana mwenye duka la tano lenye bidhaa zilezile katika mtaa mmoja.

Mwongozo kwa kufuata hali yako

Kama fedha si zako, iwe ni mkopo wa halmashauri, wa kikundi au mchango wa ndugu, anza na mpango, na uandike kwa namna ambayo mweka hazina wa kikundi anaweza kuusoma bila wewe kuwepo. Kama hujawahi kuandika mpango, weka kwanza mifuko miwili, wa nyumbani na wa biashara, na daftari la mauzo la kila siku. Baada ya miezi michache, namba za mpango utazichukua humo.

Kama una ujuzi, akiba ndogo na watu wanaokutegemea, anza na kilicho mkononi. Andika kiasi unachoweza kukipoteza, mwonyeshe mwenzi wako au mtu unayemwamini, na usikizidishe wakati wa furaha ya mauzo ya kwanza. Kenya, ambako mfuko wa Hustler uliozinduliwa Novemba 2022 hutoa mikopo kuanzia shilingi 500, mtu wa hali hii anaweza kujipima kwa kiasi kidogo sana. Hata hivyo deni, dogo au kubwa, lihesabiwe ndani ya ile hasara aliyokwisha kuikubali.

Kama biashara yako ina mwaka au zaidi na imeganda, hupati hasara wala hukui, mpango mpya hautakusaidia sana. Tumia wiki mbili kuandika kila swali ambalo wateja wanauliza ukawajibu “hatuna”, kisha chagua moja tu la kulishughulikia hadi mwisho.

Kama umehamia mahali usipofahamika, tafuta kwanza kazi ndogo ndani ya biashara unayoitamani, hata kwa malipo madogo, ili uwapate watu na uone mapengo. Kama wewe ni mama ambaye saa zako haziko mikononi mwako, pima kila ushauri kwa saa kabla ya kuupima kwa fedha, na biashara inayokubali oda za mapema itakuhurumia kuliko inayokutaka ukae mlangoni kutwa.

Kama mnaanza wawili, mmoja akipenda hesabu na mwingine akipenda kujaribu, msijaribu kubadilishana tabia. Gawaneni uamuzi: mwenye hesabu apange kiasi cha juu cha jaribio lolote, na mwenye kujaribu awe huru ndani ya kiasi hicho.

Kwa mshonaji wa Morogoro, aliye na ujuzi, akiba ya 800,000 na rafiki mwenye duka, ningemshauri msimu wa kwanza auanzie barazani kwa zile 200,000, akiandika kila sare, kila mwezi na kila mteja aliyerudi. Mwezi wa Agosti ukifika, kurasa hizo zitamwambia ni sare ngapi anauza nje ya msimu. Zikiwa chini sana ya 30 kwa mwezi, fremu ya stendi isubiri, na nguvu ya Septemba iende kwa wazazi kumi wa kwanza watakaokubali kulipa kidogo kidogo.